Shitali na Siku ya Meko Baridi

Nawapa kisa, kipokeeni kwa mikono miwili. Kikiwa kizito, saidianeni kukibeba.

Zamani sana, katika nchi ya Wahindi ng'ambo ya maji makubwa, moto wa nyumbani haukuwa ukizimwa. Leo mtu akimaliza kupika humwagia maji kuni zake akaenda kulala, wala hakuna anayemshangaa. Wakati ule kuzima moto kulikuwa mwiko. Binti akiolewa, mama yake alimtilia makaa katika chungu, akaenda nayo kwa mumewe, na makaa hayo yakaendelea kuishi mekoni mpaka naye akawa bibi kizee, akawagawia binti zake. Moto ulihesabiwa kuwa mtu wa nyumba. Ulilishwa asubuhi, ukafunikwa majivu jioni, ukaamshwa alfajiri. Nyumba iliyozimikiwa na moto ilisemwa imefiwa, na majirani walikwenda kutoa pole.

Basi katika kijiji cha Keravadi, kando ya mto, aliishi mfinyanzi jina lake Gokal. Alikuwa na mke, watoto wawili wa kiume, na binti wa mwisho aliyeitwa Shitali. Jina hilo kwa lugha yao ni ubaridi, ule ubaridi wa kitu kilichopoa. Walimpa kwa kuwa alizaliwa siku ambayo mvua ya kwanza ilikata joto la kiangazi. Nyuma ya nyumba yao palikuwa na shimo pana la udongo, nalo Gokal alilimwagia maji kila siku ili udongo usikauke. Juu ya shimo uliinama mti ambao sisi huku tunauita mwarobaini, na punda wa mfinyanzi walipumzika chini yake wakitoka kubeba mizigo.

Shitali alipotimiza miaka saba, ndui iliingia Keravadi. Watu wa enzi hizo waliamini kuwa ndui ni pepo wa baridi na kwamba dawa yake ni moto. Mgonjwa alifungiwa chumbani, madirisha yakazibwa kwa matambara, moto ukakokwa kichwani na miguuni pake. Juu ya makaa walitupa pilipili kavu, ili pepo akohoe, ashindwe, akimbie. Aliyekohoa alikuwa mgonjwa. Na maji alinyimwa, kwa kuwa maji ni chakula cha pepo wa baridi.

Mama yake Shitali alikufa siku ya nne, baba siku ya sita, na kaka zake wakafuatana siku moja. Mtoto mwenyewe, mwili umemjaa vipele hata nyayoni, hakujua kuwa amebaki peke yake. Alijua jambo moja tu, kwamba anaungua. Akatambaa kwa tumbo mpaka mlangoni, akausukuma kwa kichwa, akaendelea kutambaa mpaka akaporomoka ndani ya shimo la udongo. Humo akalala. Udongo ulikuwa mbichi, umepoa. Majani ya mwarobaini yalimdondokea, naye akayakandamiza kwenye vipele vilivyowasha. Kiu ilipombana alinyonya maji yaliyotuama kando ya shimo. Punda jike mmoja, aliyebaki bila wa kumlisha, alisimama ukingoni mchana kutwa, na kivuli chake kikamfunika yule mtoto.

Baada ya siku tano akafika Hansa, mama yake Gokal, kutoka kijiji cha pili. Alikuwa ameambiwa aje azike watu watano. Aliwakuta wanne ndani, na wa tano shimoni, amepakaa udongo mwili mzima kama chungu ambacho hakijachomwa, anamtazama.

"Umetokaje humo ndani, mjukuu wangu?" Hansa aliuliza.

"Nilikuwa naungua, bibi."

Hansa akamchukua, akamlea. Ndui ilikuwa imekwenda zake, lakini iliacha mhuri. Uso wa Shitali ulichimbika kama mchanga ulionyeshewa mvua ya mawe. Alipokua, bibi yake alimfunza ufinyanzi, na mitungi yake ikasifika kote kwa kupoza maji. Lakini bibi ndiye aliyeipeleka sokoni, kwa maana wanunuzi wakimwona binti mwenyewe walirudisha mikono. Posa haikuja hata moja. Shitali hakuwa mtu wa kulia. Alikuwa mtu wa kukasirika. Hasira yake ilipanda ghafla, macho yakamtoka, sauti ikatikisa vyungu kwenye chanja. Hansa alizoea kumwambia, "Hasira yako ni maji yanayochemka, mwanangu. Jirani hayamuunguzi, yanakuunguza wewe uliyeyabeba."

Bibi alikufa Shitali akiwa na miaka ishirini na minne. Mwaka huohuo muuza chumvi mmoja alipita, akasema ndui imeingia vijiji vya juu ya mto.

"Na watoto wamewafanyaje?" Shitali aliuliza.

"Wamewafungia na moto, kama desturi. Wangewafanyaje tena?"

Shitali alikuwa anafinyanga mdomo wa mtungi. Akauacha vilevile, haujakamilika, akanawa mikono. Tangu utotoni alikuwa ameona jambo ambalo kila mtu angeweza kuliona kama angetaka kuwatazama watu wenye makovu: ndui haimrudii mtu. Aliyekwisha kuugua akapona anaweza kulala kitanda kimoja na mgonjwa, akaamka mzima. Basi akamtwika punda mitungi miwili ya maji na mzigo wa majani ya mwarobaini. Akachukua na ufagio wa kufagilia majivu na magamba ya vidonda, na ungo akaufunika kichwani kujikinga na jua. Akaenda.

Katika kijiji cha kwanza mama mmoja alimfungulia, kwa kuwa alikuwa amekwisha kufiwa na wawili na hakuwa tena na nguvu za kumkataa mtu. Shitali alifagia makaa yote nje. Alirarua matambara dirishani. Alimlowesha mtoto maji, akamlaza juu ya majani, akamnywesha kidogo kidogo kwa kiganja, akamlisha wali wa jana uliopoa, uliochanganywa na mtindi. Mtoto akapona. Nyumba ya pili ikafunguka, na ya tatu. Kati ya watoto kumi na mmoja aliowauguza siku zile, saba waliishi. Wanne waliokufa aliwaosha mwenyewe, na majina yao aliyashika mpaka mwisho wa uhai wake.

Alikwenda kijiji cha pili, cha tano, cha kumi. Mwaka ukapita, na mingine. Na hapo ndipo maneno yalipopinda. Watu mashambani walimwona akipita na punda wake, ungo kichwani na ufagio mkononi, kisha baada ya siku chache wakasikia kwamba kule alikoelekea watu wanakufa. Hawakujua kuwa vifo vilitangulia na yeye akafuata. Walipanga mambo kwa jinsi walivyoyasikia. Wakasema, huyu mwanamke akiingia, ndui huingia. Kisha wakasema, huyu ndiye anayeibeba ndui ndani ya mitungi yake. Mwisho wakasema, huyu ndiye ndui mwenyewe. Lisemwalo lipo, na kama halipo, ndimi huliumba.

Siku moja alikuwa akipita nyuma ya ukuta wa nyumba fulani, akasikia mtoto analia na mama anambembeleza. Akapunguza mwendo, maana sauti za watoto wazima zilimfurahisha. Akamsikia yule mama akisema, "Nyamaza! Nyamaza, Shitali anakuja!"

Mtoto alinyamaza palepale. Hilo ndilo lililomuuma. Shitali aliketi chini kando ya ukuta, akamshika punda mguu kama mtu anayeshika nguzo, na kwa mara ya kwanza tangu utotoni akalia. Alitaka kuugonga ule mlango, aingie, amwambie mama yule, mimi ni binti wa mfinyanzi, nilimwosha mtoto wa dada yako kwa mikono hii. Lakini alijua akigonga watakimbilia mlango wa nyuma. Akainuka, akaendelea na njia yake.

Sasa zikaja habari kuwa ndui imerudi Keravadi, kijiji alichozaliwa.

Mkuu wa Keravadi alikuwa mzee mmoja jina lake Vallabh, mtu wa haki na wa maneno machache. Mkewe alikufa katika ile ndui iliyowaua wazazi wa Shitali. Katika meko ya Vallabh mlikuwa na moto ambao marehemu alikuja nao siku ya harusi yake, na tangu azikwe, mzee aliulisha mwenyewe kila alfajiri, hakumwachia mtu. Watu wa nyumba walimsikia akinong'ona nao. Mwanawe alikuwa safarini na misafara ya biashara, na nyumbani alikuwapo mke wa mwanawe, Jamuna, na mjukuu wake, binti wa miaka minne aitwaye Revati. Revati naye alikuwa ameugua. Alikuwa amefungiwa chumbani kwa siku mbili, mioto miwili ikimwakia.

Shitali alipolikaribia lango la kijiji asubuhi ile, aliwakuta wanaume wamesimama, kila mmoja ana kinga cha moto mkononi. Mbele yao alisimama Mzee Vallabh.

"Rudi ulikotoka," alisema.

"Nimetoka hapahapa, mzee wangu. Shimo la udongo la baba yangu liko nyuma ya ghala lako."

"Kila unakopita, watoto wanakufa."

"Kila watoto wanakokufa, ndiko ninakopita. Si neno moja hilo, mzee. Tafadhali, litazame vizuri."

Huenda Vallabh angelitazama. Lakini kijana mmoja nyuma yake, ambaye alikuwa na wadogo zake watatu ndani, aliogopa kuliko alivyoweza kuvumilia, akatupa kinga chake. Kikampiga Shitali. Ungo ukashika moto kichwani pake. Aliung'oa kwa mkono, na mkono ukaungua toka kiganja mpaka kiwiko. Vinga vingine vikafuata, na punda akageuka akakimbia, naye akamkimbilia.

Hakwenda mbali. Alizunguka kwa njia ya mtoni, akafika kwenye magofu ya nyumba ya baba yake. Paa lilikuwa limeanguka siku nyingi, lakini mwarobaini ulisimama, umenenepa, na mvua za miaka yote hiyo zilikuwa zimelilinda shimo lisikauke. Akakaa ukingoni, akauzika mkono wake ulioungua ndani ya udongo. Moyoni alisema, safari hii nimechoka. Wakitaka kufa, wafe na moto wao. Alisema hivyo mara tatu. Hata mara ya tatu hakuamini.

Jua lilipofika utosini akasikia majani makavu yakivunjika. Alikuwa Jamuna, aliyesikia yaliyosemwa langoni, mtandio umemwanguka mabegani, amembeba Revati ndani ya shuka. Alipomwona Shitali alisimama kama aliyeshikwa miguu.

"Dada," alisema, "wewe ndiye?"

"Wanasemaje huko ndani? Mimi ni nani?"

"Wanasema wewe ndiye ndui."

"Na wewe ukaniletea mtoto?"

Jamuna hakurudi nyuma. "Kule ndani anakufa, dada. Nikasema moyoni, kama ndui ni mwanamke, basi huenda ni mtu wa kuombwa."

Shitali akanyoosha mkono wake mzima. "Mlete hapa. Vua hiyo shuka. Wewe chota maji."

Wakamlaza Revati juu ya udongo uliopoa na majani mabichi. Vipele vyake vilikuwa vimeungana, midomo imepasuka kwa kiu. Shitali alimtonesha maji mdomoni tone kwa tone, akimsemesha kwa sauti ya chini, na kila tone lilipoingia mtoto alifungua mdomo kutafuta jingine. Baada ya muda alilala usingizi wa kweli, siyo ule wa kuzimia. Jamuna akaliona hilo. Akaushika mguu wa Shitali.

"Wako wangapi bado ndani?" Shitali aliuliza.

"Kumi na wanne. Wamefungiwa wote."

Hawajamaliza maneno yao, wanaume wakatokea kwa kasi, wamefuata nyayo za Jamuna. Walikuwa na magongo na vinga vya moto. Mzee Vallabh alikuja mbele akihema, na alipomwona mjukuu wake ndani ya shimo, alifikiri amezikwa.

"Jamuna!" alilia. "Umefanya nini? Mtoe mtoto humo, mrudishe kwenye moto!"

Jamuna, ambaye tangu aolewe hakuwahi kuinua sauti mbele ya mkwewe, alijifunika mtandio vizuri, akapiga magoti mbele ya shimo, akasema, "Baba, nisamehe. Simtoi."

Wanaume wakasonga. Na katika pumzi ile moja Shitali aliona mambo yote kwa pamoja. Angeweza kuwaambia tena kuwa yeye ni binti wa Gokal. Alikuwa amelisema hilo kwenye malango mengi, na ukweli huo haukumfungulia hata mlango mmoja. Hawakuwa na imani naye, hawakuwa na haya, wala nafasi ya kufikiri hawakuwa nayo. Walikuwa na hofu tu. Hofu yao ya moto kuzimika ilikuwa kubwa, na jambo moja tu duniani waliliogopa zaidi. Jambo hilo lilikuwa yeye.

Akaona njia, na njia ile ilimwumiza kuliko mkono. Miaka yote alikuwa amelikana jina lile. Sasa ingembidi alivae.

Aliruka juu ya punda. Nywele zake zilikuwa zimefumuka, uso wenye makovu umepakaa udongo, mkono mmoja umeungua mpaka nyama inaonekana. Akainua ufagio, macho yakamtoka kama yalivyokuwa yakimtoka utotoni, na sauti iliyotoka ilikuwa ile iliyotikisa vyungu.

"Mmesema mimi ni ndui! Leo sikatai. Ni mimi! Tazameni uso wangu, ndio mhuri ninaowapigia watoto wenu. Mnajua ni kitu gani kinachoniita? Moto! Nyumba yenye moto ndiyo ninayoingia, na nikiingia sitoki peke yangu. Jiko nitakalolikuta baridi, dirisha wazi, maji yapo mlangoni na jani la mti huu liko juu ya kizingiti, nitajua hapo nimeheshimiwa, nami nitapita. Zimeni! Jua lisizame na moshi ukifuka Keravadi!"

Magongo yakaanguka. Yule kijana wa asubuhi alikuwa wa kwanza kukimbia, naye alikimbilia kwao, akaanza kumwaga maji kwenye makaa huku akilia. Wengine wakamfuata. Vinga vyao vilivyobaki chini Shitali alivikanyagisha kwa kwato za punda.

Akaingia kijijini amepanda punda, akipiga milango kwa ufagio, na kila alipopiga alisikia moto ukimwagiwa maji ndani na wanawake wakiomboleza kama msibani. Alifika nyumba ya Vallabh. Mzee alikuwa amemtangulia. Alisimama mbele ya meko yake, mikono ameitandaza, mtu mzima mwenye mvi.

"Huu usiuguse," alisema. "Niue mimi. Huu ni wa mke wangu."

Shitali alishuka. Ndani mle mlikuwa na wao wawili tu, nayo hasira ikamshuka. Alimjua mtu aliyebaki peke yake. Akashusha ufagio.

"Mzee wangu," alisema kwa sauti yake ya kawaida, "mkeo alifia chumba kipi?"

"Hikihiki."

"Moto huu ukiwaka?"

Vallabh alitazama makaa, kisha akatazama pembe ya chumba, mahali ambapo palikuwa na kitanda zamani. Midomo yake ikacheza.

"Alikuwa akiomba maji," alisema. "Siku tatu. Aliniomba maji, nami nikawa nachochea kuni. Walisema nimpende kwa kuchochea."

"Ulimpenda, mzee. Ila hukuambiwa kweli."

Mzee akachukua mtungi mwenyewe, akauinamisha juu ya meko. Moto ukapiga kelele, mvuke ukajaa chumba, ukatoka kwa mlango. Vallabh aliketi chini katika mvuke ule, akafunika uso. Shitali akamwekea mkono begani, mara moja tu, kisha akatoka nje, akavaa tena uso wake wa kutisha.

Kwa siku saba hapakuwashwa moto Keravadi. Watu wazima wenye makovu ya zamani walivuka mto wakapika ng'ambo, wakaleta chakula kimekwisha kupoa. Shitali alikwenda nyumba hadi nyumba, akifagia, akilowesha, akinywesha. Watu walimkwepa macho. Walimwekea maji mlangoni na majani kizingitini, wakajificha. Watoto walikuwa kumi na watano pamoja na Revati. Kumi na wawili waliishi. Watatu aliwaosha.

Siku ya saba alikuwa amekaa ukingoni mwa shimo, amechoka mpaka mifupani. Jamuna akamjia na sahani ya wali baridi na mtindi. Hakuiweka mbali akarudi nyuma, kama walivyofanya wengine. Aliketi chini pamoja naye, akaiweka katikati, akamega tonge, akamega na lingine, wakala sahani moja. Tangu bibi yake afe hakuna mtu aliyekula naye sahani moja. Shitali alitafuna polepole sana, ili chakula kisiishe.

"Dada," Jamuna alisema, "leo niruhusu niwaambie. Niwaambie wewe si ndui. Wewe ni Shitali wa Gokal. Umewaponya watoto wao."

"Usiwaambie."

"Lakini wanakutukana! Wanawatisha watoto kwa jina lako!"

"Wakinijua kuwa ni mtu kama wao, watanihurumia siku mbili, na siku ya tatu watakoka moto. Binti wa mfinyanzi hawezi kuzima meko ya watu. Yule wanayemwogopa anaweza."

"Na wewe je? Utaishi hivyo mpaka lini?"

Shitali alikuwa amewahi kutamani kitu kidogo: kwamba siku moja mwanamke fulani, akiwa kisimani, amwite kwa jina lake na kumwomba amsaidie kujitwika mtungi. Hicho tu. Akajua kuwa hakitakuja.

"Wewe umenijua," alisema mwishoni. "Mwambie Revati akikua. Naye amwambie wake. Polepole, mtu kwa mtu. Hofu iende barabarani, ukweli upite jikoni."

Asubuhi iliyofuata Mzee Vallabh alikwenda langoni ambako Shitali alikuwa akimtandika punda. Aliinama, akamwuliza mbele ya watu wote, kama mtu anayemwuliza mfalme, lini wataruhusiwa kuwasha tena.

"Washeni leo," alijibu kwa ukali, maana watu walikuwa wakisikiliza. "Lakini kila mwaka, siku kama hii, niwekeeni meko baridi mpaka jua lizame. Nitapita kutazama."

Akapanda punda wake, akaenda kuelekea vijiji ambavyo bado vilikuwa na moshi. Keravadi hawakumwona tena. Wapo wanaosema alizeeka akafia njiani, na punda akasimama kumkinga jua mpaka wapita njia walipomkuta. Wapo wanaosema hakufa, na hao ndio waliomjengea mahali pa kumwomba, wakamchora na punda wake, ufagio, mtungi na ungo, macho yamemtoka.

Na tangu siku hiyo, kijijini pale na katika vijiji vingi vilivyoiga, kuna siku moja kila mwaka ambapo moto hauwashwi. Chakula hupikwa siku iliyotangulia, kikalala, kikaliwa baridi na mtindi. Majani ya mwarobaini hutundikwa juu ya mlango. Mtoto akitokwa na vipele vya homa, watu hawamkemei wala hawasemi kwa sauti kubwa ndani ya nyumba; husema Mama, ndivyo wamwitavyo Shitali, amekuja kututembelea, mpeni maji. Mgeni njoo, mwenyeji apone.

Wanaume wakiulizwa sababu, hujibu kwamba Mama ni mkali, na jiko lenye moto humkasirisha. Wanawake hawawapingi. Lakini asubuhi ya siku ile, kabla watu hawajala, mama mkwe na mke wa mwanawe huingia jikoni wao wawili, wakafunga mlango. Wanapiga magoti mbele ya meko, na mkubwa anauchukua mkono wa mdogo, anaulaza juu ya majivu.

"Yamepoa?" anamwuliza.

"Yamepoa, mama."

"Basi kaa nikwambie alikuwa nani."